Kwa nini farasi 109 hawavuti kama 130

Ukipima kwa nguvu za farasi peke yake, Toyota IST ya petroli ya cc 1,500 na Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, cc 4,200, hazijaachana sana: moja ina farasi wapatao 109, nyingine kama 130. Lakini hakuna mwenye akili atakayeifunga IST trela la kokoto. Kinachozitenganisha ni torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, pamoja na mizunguko ambapo torki hiyo inapatikana. Kumtajia mnunuzi farasi bila kumtajia mizunguko ni kumpa nusu ya habari.

Torki anaijua kila aliyewahi kufungua gurudumu. Spana ya nusu mita, ukiikandamiza kwa uzito wa kilo 20, inatoa torki ya kama nyutoni mita 100. Nati ikigoma, fundi anachomeka bomba kwenye mpini, urefu unafika mita moja, na kwa mkono uleule torki inakuwa 200. Nati inalia, inaachia. Ndani ya injini pistoni ndiyo mkono, krenki ndiyo mpini. Ila spana haisemi kazi imekwenda haraka kiasi gani. Hilo ndilo linalopimwa na nguvu za farasi. James Watt, akiuza mashine za mvuke Uingereza karne ya 18, alizilinganisha na farasi waliozungusha vinu, akakadiria farasi mmoja anainua takriban kilo 76 mita moja kila sekunde. Kwa hiyo nguvu za farasi ni torki mara kasi ya mzunguko, wala si kitu cha pembeni.

Hapo wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito: gia huzidisha torki, basi IST ikiwekewa gia nzito zaidi itavuta vilevile. Kwa hesabu ni kweli. Lakini farasi wake 109 wanatoka injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Kwenye mizunguko 2,200, hata tukiihesabia torki yake yote, nyutoni mita 141 hivi, inatoa farasi 44 tu. 1HZ, yenye 285 hapohapo, inatoa 89. Katika barabara tambarare mambo yanageuka: 1HZ inafika kilele kwenye mizunguko 3,800, na IST, nyepesi kwa karibu nusu, inaweza kuipita. Mlima Kitonga ukiwa na mzigo ni habari nyingine. Injini ndogo itapiga kelele mwinuko mzima hadi juu, ikichemka na kunywa mafuta. Na kama gari ni la gia za mkono, likilazimika kusimama katikati, dereva atakanyaga mafuta sana huku akiachia klachi kidogo kidogo, sahani inasuguana, na harufu ya kuungua inaingia ndani ya gari kabla tairi halijasogea.