Kompyuta ya Ofisi Haiwaki: Kabla Hujamruhusu Mtu Kupiga Windows Upya

Tulikuwa mafrateri watatu tuliopangiwa parokia moja ya kijijini wakati wa likizo. Jumatano ya wiki ya pili, tukiwa jikoni tunamenya viazi, katibu wa ofisi alitujia. "Tumsifu Yesu Kristo, mafrateri. Kuna anayejua kompyuta kati yenu?" Salamu tuliijibu vizuri, ila kwa hilo swali tulitazamana. Sisi tunasoma falsafa. Hata hivyo mmoja wetu, kabla ya kuingia seminari, alikaa karibu mwaka mzima kwenye banda la mjomba wake la kutengeneza kompyuta, na sisi wawili tumeshamshikia tochi mara nyingi kwenye chumba cha kompyuta cha seminari, ambako mashine nyingi zilitutangulia kufika.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa ya mezani, ya zamani, yenye kasha lile ambalo watu wengi huliita CPU. Usiku umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa, na asubuhi haikuwaka. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wanakipaimara 112, na Baba Askofu alikuwa anakuja Jumapili. Ni kweli vitabu vya ubatizo vilikuwepo kabatini, maana Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kompyuta haiwezi kuchukua nafasi yake. Lakini watoto wengi walikuwa wamebatizwa parokia nyingine. Wazazi walileta vyeti, katibu akanakili namba na tarehe, kisha vyeti vikarudi nyumbani. Kazi ya majuma saba ilikuwa kwenye diski moja tu.

Fundi wa mjini alikuwa ameshapigiwa simu, na bila kuiona mashine alisema, "Hiyo pawa imekufa. Ileteni, nitabadilisha, halafu nitaipiga Windows upya iwe nyepesi." Katibu alishukuru. Sisi tukashtuka, kwa sababu mara nyingi kupiga Windows upya huanza kwa kufuta diski yote.

Kwa upande wa pawa, mantiki ya mwaka wa kwanza inatosha kuona kasoro. Pawa saplai ikifa, kompyuta haiwaki. Kompyuta hii haiwaki. Basi pawa saplai imekufa? Haifuati, kwa sababu yapo mambo mengine mengi yanayoweza kuizuia kompyuta isiwake. Ardhi ikiwa imelowa si lazima iwe mvua. Huenda mtu amemwagilia bustani. Mtihani wa swali hilo tuliufanya wote watatu, na tulipata maksi zetu, lakini mmoja wetu (si yule wa banda la mjomba) alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya pawa saplai mpya.

Tulimwuliza katibu swali moja: haiwaki kivipi? Neno hili "haiwaki" hubeba magonjwa manne tofauti. Kuna kompyuta isiyoonyesha uhai wowote, hata kataa kadogo. Kuna ile ambayo feni zinazunguka lakini kioo kinabaki cheusi. Kuna inayoonyesha maandishi meupe kisha ikakwama. Na kuna inayoanza kupandisha Windows kisha ikajizima au kurudia mwanzo. Umeme na amri hupita kwa mpangilio ndani ya mashine, kwa hiyo pale ilipofika ndipo panapokuonyesha pa kuchunguza. Anayesema "haiwaki" bila kutazama ilipoishia ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza.

Isipokuwa na uhai wowote, usishike bisibisi kwanza. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama ina umeme. Badilisha waya wa umeme, maana ekstensheni za ofisini hufa kimyakimya. Tazama nyuma ya kasha kama swichi iko kwenye alama ya I badala ya O. Kompyuta nyingi za zamani zina hapo nyuma kitufe kingine kidogo, mara nyingi chekundu, chenye namba 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230. Kitufe hicho kikiwa kwenye 115 usijaribu kabisa kuichomeka, utasikia mlipuko. Baada ya umeme kucheza, jaribu pia jambo hili lisilo na gharama: chomoa waya wa umeme, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi, subiri dakika chache, kisha chomeka tena. Pawa saplai nyingi hujifunga zenyewe kujikinga, na njia hiyo huzifungua. Bado imekufa? Hapo ndipo uazime pawa saplai nyingine ya aina ileile ujaribu. Ile ya zamani usiifungue boksi lake kwa hali yoyote, kwa sababu kapasita zilizomo huweza kutunza umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Yetu haikuwa hivyo. Tulipobonyeza, kataa ka kijani kaliwaka na feni zikazunguka kwa kelele. Kioo kikabaki cheusi. Kwa haki ya fundi, feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba pawa saplai ni nzima, kwani iliyochoka huweza kuzungusha feni na kushindwa kulisha vilivyobaki. Lakini shaka yetu sasa ilihamia kwingine.

Kioo chenyewe tulikipima kwa kukichomeka kwenye kompyuta ndogo ya Baba Paroko, kikafanya kazi. Waya wake ulikuwa umekaza skrubu zote mbili. Tukasikiliza milio. Kompyuta nyingi za mezani zina kispika kidogo ndani, na zinapokwama kabla ya kupata picha hulia kwa mpangilio maalumu. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake, kwa hiyo usikariri, tafuta kitabu cha mashine husika; lakini milio mirefu inayojirudia bila kukoma mara nyingi ni malalamiko ya RAM, yaani zile kadi nyembamba za kumbukumbu ya muda. Yetu ililia hivyo hivyo.

Kuhusu RAM tungependa kueleza taratibu, kwa sababu tatizo hili ni la kawaida mno kwenye kompyuta za zamani, na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu anaweza kulitatua. Mashine inapokaa miaka kwenye vumbi na unyevu, meno ya dhahabu yaliyo kwenye ukingo wa kadi hupata utando, na mguso wake na nafasi inamokaa hudhoofika. Chomoa waya wa umeme, si kuzima swichi tu. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Lilaze kasha ubavu, fungua mfuniko, na uguse chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kingine, ili umeme tuli wa mwilini mwako usiingie kwenye kadi. Bonyeza vishikio vya pembeni, kadi itajiinua. Ishike kingo zake. Chukua raba nyeupe ya penseli, ambayo ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote katika makala haya, usugue meno yale pande zote mbili polepole mpaka yang'ae, kisha futa mabaki ya raba. Vumbi la kwenye nafasi yake litoe kwa brashi laini na kavu. Mdomo usiutumie kupuliza, una mate. Rudisha kadi moja tu kwanza, uisukume mpaka vishikio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Kama zilikuwa mbili, jaribu moja moja, ubadilishe na nafasi. Badilisha jambo moja kwa wakati, la sivyo ikiwaka hutajua ilikuwa nini.

Kadi ya kwanza, giza na kelele ileile. Ya pili, mlio mmoja mfupi na maandishi kwenye kioo. Katibu alipiga vigelegele. Alivipiga mapema.

Maandishi yalisema saa ya kompyuta imepotea na mipangilio imerudi mwanzo, tubonyeze F1 kuendelea. Tulibonyeza. Alama ya Windows ikatokea, kioo kikawa cha buluu kwa nukta moja, mashine ikajizima na kuanza upya. Ikarudia hivyo mara tatu, tukachomoa umeme. Kwa picha hiyo fundi yeyote mwenye haraka angesema Windows imeharibika, ipigwe upya, na diski ingefutwa.

Kabla ya kugusa lolote tulitoa diski yenyewe. Hili lingetakiwa lifanyike mapema zaidi, tunakiri. Diski si kompyuta. Mashine inaweza kufa kabisa na faili zikawa salama, mradi diski ni nzima. Tulichomoa nyaya zake mbili, tukafungua skrubu nne, na kwa kebo ya kusomea diski kupitia USB tukaiunganisha na kompyuta ya Paroko. Faili zilionekana zote. Orodha ya wanakipaimara tuliinakili kwenye flashi mbili, na Baba Paroko akaichapisha palepale, kurasa sita. Lakini angalizo: ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, usiendelee kuiwasha kujaribu bahati. Kila ukiiwasha unaweza kuikwaruza zaidi. Hiyo mpelekee mtu anayeokoa data.

Sasa tungeweza kufikiri bila hofu. Kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote, kuna betri ya duara kama sarafu, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mwanzo wakati umeme haupo. Hudumu miaka kadhaa, kisha hufa. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine husahau ilivyopangwa. Na moja ya mambo inayoyasahau ni namna ya kuongea na diski: baadhi ya kompyuta zina chaguo la IDE na AHCI, na Windows za zamani zilizowekwa chini ya chaguo moja hugoma chini ya lingine, zikitoa kioo cha buluu na kurudia mwanzo. Kwa hiyo Windows ilikuwa nzima. Ilikuwa imekuta mlango umebadilishwa kitasa.

Betri tulinunua kwa fundi saa wa sokoni. Tuliirudisha diski, tukaweka betri upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu, tukawasha tukigonga F2 mfululizo (mashine nyingine hutaka Delete au F10), tukaingia kwenye mipangilio. Tuliweka tarehe. Tukakuta diski imepangwa kwa IDE, tukaweka AHCI, tukahifadhi. Hatukugusa kingine. Kama isingekubali, tungelirudisha palepale tulipolikuta. Ilipanda Windows saa kumi na moja jioni, siku ya Alhamisi, na viazi vya siku hiyo vilimenywa na watu wengine.

Fundi tulimpigia kumshukuru na kumwambia asisubiri. Akauliza ilikuwa nini, tukamweleza, akasema hata yeye angeanza na RAM kama angeiona. Huenda ni kweli. Kwenye simu kila mtu hukisia.

Tulipokuwa tunafunga mfuniko tuliona jambo ambalo hatukulipenda. Kapasita mbili karibu na prosesa zilikuwa zimevimba kichwani, ugonjwa uliojulikana sana kwa kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa kama kifuniko cha soda. Zilizovimba huifanya mashine ijizime ovyo, na siku moja haitawaka kwa raba wala kwa betri. Kuzibadilisha kunahitaji mtu mwenye mkono wa kulehemu, na sisi hatuna. Tulimwonyesha Baba Paroko kwa tochi. Aliinama, akatazama kwa muda, akauliza kama itafika Noeli. Tulimjibu kwamba hatujui, ila flashi ya pili ikae kabatini pamoja na vitabu vya ubatizo, si kwenye droo ya kompyuta.