SAFARI YA MIGUU KWENDA KIMONDO CHA MBOZI



Mwezi wa Juni tulikuwa tukirudi Pemba kutoka Mtwara kwa jahazi, na kusi ikitusukuma. Tulipofika Dar es Salaam jahazi likawa linavuja, ikabidi lipandishwe pwani likalafatiwe. Nahodha akatupa siku nane. Mzee mmoja katika sisi wanne ana mwanawe Tunduma, basi tukapanda basi kwenda huko.

Tunduma ni mpakani mwa Zambia. Malori yamepangana njiani kama majahazi yangojayo msimu, na baridi ya alfajiri ilitugonganisha meno. (Msije na kanzu tupu.)

Siku ya pili tulipita Vwawa kwa gari, tukashuka njia panda, tukashika njia ya vumbi jekundu kuelekea kilima cha Marengi. Kahawa ilikuwa imeiva pande zote. Saa ya pili ya mwendo tuliomba maji kwa mkulima aliyekuwa akigeuza kahawa juu ya vichanja. Huko huimenya kwanza, wakaiosha, ndipo wakaianika. Wala haigusi ardhi. Tulimwonyesha karafuu tulizochukua kwa chai, akazinusa sana.

Kisha akauliza, "Shikamoo Mzee, na kwenu huuzwa ingali mtini?"

Mwenyewe aliuza nusu ya kahawa yake mwezi wa Januari, apate ada ya shule. Sasa anaichuma, anaiosha, anaianika, na gunia ni la mwingine. Mzee wetu aliitikia "Marahaba" tu, asijibu swali.

Kimondo tulikifikia karibu na adhuhuri. Ni pande la chuma lililochanganyika na nikeli, urefu wake kama mita 3, na uzito hukadiriwa tani 16, yaani magunia 320 ya karafuu ya kilo 50! Wenyeji walikijua zamani. Wataalamu walipata habari zake mwaka 1930, sehemu kubwa ingali imezikwa. Wakachimba pembeni, wakakiacha kimekaa juu ya udongo wake. Tulikigusa: baridi, laini mahali pengine, na vishimo vishimo.

Tulisali, tukakaa kivulini kula mihogo. Hapo ndipo Mzee aliposema kwamba mikarafuu yake kumi na miwili, karafuu za msimu huu, alikwisha kuziuza tangu Machi kwa bei ya chini ya nusu, kwa matibabu ya mkewe. Tumekaa naye katika kamati miaka minne, wala hatukujua. Alisema aliona haya kuja kwetu, na tena sanduku letu halina fungu la mambo hayo.

Ni kweli, halina.

Ametupa ruhusa kuyaandika haya bila ya jina lake. Katika mkutano wa mwezi ujao, kabla ya hesabu za majamvi na magunia, litajadiliwa kwanza fungu la kukopesha wanachama kabla ya mavuno. Mwenye shida kama hiyo na amwone Katibu nyumbani, baada ya Isha, asipotaka kusema mkutanoni.