Kwenda Mwezini na mvua ya Chamwino: hela zile zina faida gani?

Juzi nilikuwa intaneti kafe moja hapa Dodoma, maeneo ya Jamatini. Dogo wa kompyuta ya pembeni alikuwa anaangalia video ya roketi ya Marekani ikiruka. Nyuma yake jamaa wawili wakaanza kubishana. Mmoja akasema hao ndio watu waliokwenda shule. Mwenzake akamjibu, "Shule gani? Huku Bahi watu wanaangalia mawingu mpaka shingo zinauma, wao wanachoma mabilioni kwenda kuokota mawe!" Kafe nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Ila nilipofika nyumbani nikaona lile swali si la kucheka. Leo naomba tulijibu taratibu, kwa tarakimu, bila ushabiki.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kuna kupeleka MTU angani na kuna kupeleka MTAMBO. Mtambo hauli, hauhemi, na ukiharibika unaachwa huko huko. Binadamu lazima abebewe hewa, maji, chakula na choo, akingwe na joto na baridi, halafu arudishwe akiwa mzima. Chombo kinachozunguka dunia kwa karibu kinakwenda kama kilomita 28,000 kwa saa, na kikiingia tena kwenye hewa kinapata joto la kuyeyusha chuma. Ngao yake ikiwa na kasoro, basi tena. Challenger ililipuka mwaka 1986 na watu saba ndani. Columbia ilivunjika Februari 2003, nayo na watu saba, kwa sababu wakati wa kuruka kipande cha povu kiliupiga ubawa wake. Ndiyo maana kila kitu cha safari ya watu kinapimwa na kupimwa tena, na kila kipimo ni hela.

Hela kiasi gani? Apollo, mradi uliomfikisha Neil Armstrong Mwezini Julai 1969, ulikula dola bilioni 25.4 za wakati ule, kwa hesabu ambayo NASA ililipa bunge la Marekani mwaka 1973. Huu mpya wa Artemis, mkaguzi mkuu wa NASA alisema mwaka 2022 kwamba kila mruko katika ile minne ya mwanzo utagharimu dola bilioni 4.1. Mruko mmoja tu! Sasa weka pembeni setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyoruka tarehe 15 Aprili 2023 kwa kazi ya kuangalia kilimo na mazingira. Kuisanifu na kuitengeneza kulichukua shilingi milioni 50 za Kenya, kama dola 372,000. Hela ya mruko mmoja wa Artemis ingetengeneza Taifa-1 zaidi ya elfu kumi. Najua ni kama kulinganisha treni na baiskeli, ila angalau unaona anayekula hela ni nani. Ni binadamu.

Na usiseme haya ni mambo ya huko mbali. Safari za watu angani zilitufikia mapema kuliko wengi tunavyojua. Kule Unguja, pale Tunguu, Wamarekani walijenga kituo cha mradi wao wa kwanza wa kurusha watu, Mercury. Sababu ni rahisi. Wakati ule redio ya chombo ilisikika tu kikiwa juu ya upeo wako, baada ya dakika chache kimezama. Kwa hiyo walihitaji vituo kuizunguka dunia, kimoja kikimpoteza mwanaanga kingine kimdake. Barani Afrika kulikuwa na Kano, Nigeria, na Zanzibar. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alizunguka dunia mara tatu kwa saa karibu tano, na alipopita upande wetu waliomsikiliza walikuwa Tunguu.

Je, wenyeji walishangilia? Si wote. Wanasiasa walikipinga na watu waliandamana, wakihofia kisiwa chao kinaingizwa kwenye ugomvi wa wakubwa. Mapinduzi yakafika tarehe 12 Januari 1964, serikali mpya ikataka kituo kiondoke, na mwaka huo huo kikafungwa. Mimi siwalaumu. Mtu anajenga mtambo jirani na shamba lako, unaongea na aliye angani, lakini wewe haukuambii hata kama kesho kutanyesha.

Swali la jamaa wa Bahi nalo si jipya. Mwaka 1970 mtawa mmoja aliyekuwa akifanya kazi Kabwe, Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi mkubwa wa NASA. Alimuuliza inakuwaje wanafikiria mabilioni ya kwenda Mars wakati watoto wanakufa njaa. Yule bwana hakumdharau, alimjibu kwa barua ndefu. Kwa kifupi alisema setilaiti zitasaidia kilimo, na kwamba utafiti huzaa matunda ambayo mwanzoni hukuyatarajia. Nusu ya jibu naikubali kabisa. Lakini angalia vizuri: sista aliuliza kuhusu safari za watu, na mfano ulio karibu zaidi na sahani ya mtoto aliyompa unahusu mtambo.

Kwa sababu mtambo kweli umefanya kazi. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa, TIROS-1, iliruka Aprili 1960. Leo zile za Ulaya ziitwazo Meteosat zinakaa kilomita kama 36,000 juu yetu, zikizunguka sawasawa na dunia, hivyo haziondoki juu ya Afrika. Zinaijuaje mvua? Zinapima joto la vilele vya mawingu. Wingu refu lina kilele kilichopanda juu sana ambako ni baridi kali, na wingu refu namna hiyo ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kumwaga. Wataalamu wanachukua vipimo hivyo, wanavilinganisha na vile vya ndoo za mvua huku chini, wanapata makisio hata ya kijiji kisichokuwa na kipimo chochote. Setilaiti nyingine zinaangalia mimea yenyewe. Jani lenye afya linanyonya mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa jirani yake ambao jicho letu halioni. Shamba likianza kukauka uwiano huo unabadilika, na setilaiti inaona kabla mwenye shamba hajakata tamaa. Picha za Landsat, ambazo zilianza mwaka 1972, ni bure tangu 2008. Bure kabisa, hata wewe hapo ulipokaa unaweza kuzishusha.

Kwa hiyo tumepona? Hapana. Kuangalia kutoka juu peke yake hakutoshi, na ushahidi upo hapa hapa kwetu, Kongwa. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga. Walitumia wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege. Kutoka juu waliona pori tupu, wakadhani ni ardhi iliyolala tu. Mgogo yeyote angewaambia kwa nini pale hapakuwa na watu wengi: maji hakuna, mvua haina adabu, na udongo ukikauka unakuwa kama saruji. Mwaka 1947 matrekta yakaingia, mpango ukiwa zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka 1951 wakaufunga, pauni kama milioni 36 zimeyeyuka. Waliangalia kutoka juu, hawakuuliza chini.

Na mimi nina yangu, ambayo sijawahi kuiandika popote. Miaka ile ya 2000, kabla mkongo wa baharini haujafika Dar mwaka 2009, kafe niliyoizoea hapa mjini ilikuwa na ungo mkubwa juu ya paa. Intaneti yote ilipita pale: inapanda kilomita 36,000 mpaka kwenye setilaiti, inashuka nyingine 36,000. Nusu saa shilingi 500, na nusu ya hiyo nusu saa unasubiri ukurasa ufunguke. Siku moja mwezi wa kumi na moja nilikuwa nasoma habari za vigari vya Wamarekani kule Mars. Pembeni nikafungua utabiri wa msimu. Ulisema kanda yetu ina uwezekano wa mvua chini ya wastani. Nikausoma, nikaufunga, nikarudi Mars.

Mjomba wangu analima Chamwino, kilomita kama 30 kutoka pale nilipokuwa nimekaa. Mvua za kwanza ziliponyesha akapanda mahindi shamba zima. Januari jua likawaka wiki tatu, mahindi yakaungua. Akauza mbuzi wawili, akanunua mbegu, akapanda tena, nayo haikufika mbali. Nilipokwenda kumsalimia nikamwambia kwa kujitutumua kwamba mimi nilikuwa nimeusoma utabiri. Aliniangalia tu, kisha akasema, "Sasa mjomba, ulikuwa unamsomea nani? Ungeniambia ningepanda uwele." Sikuwa na la kujibu. Ile habari ilisafiri kilomita 72,000 bila tatizo, ikashindwa zile 30 za mwisho kwa sababu mimi niliona ni mambo ya wataalamu.

Sasa tuwe wakweli, wanaotetea safari za watu nao wana hoja. Darubini ya Hubble ilikwenda angani ikiwa na kasoro kwenye kioo, na Desemba 1993 ni wanaanga kwa mikono yao walioitengeneza. Kile kituo cha kimataifa ambacho watu wanaishi tangu Novemba 2000 kimetusaidia na sisi majirani: setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa angani kutoka pale Mei 2018, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda ikafuata Desemba 2022. Vijana wa Kampala na Nairobi wamejifunza kazi. Lakini Taifa-1 ilikwenda moja kwa moja na roketi isiyokuwa na mtu ndani. Njia ya pili ipo, na ni nafuu.

Msimamo wangu ni huu. Kupeleka watu Mwezini au Mars ni hiari ya wenye hela zao. Kuna elimu ndani yake na ujasiri ndani yake, ila anayesema inalipa kama setilaiti ya hali ya hewa anatudanganya. Hata hivyo tusijidanganye na sisi: wakiacha kesho, zile bilioni 4.1 haziji Bahi. Zitabaki kwao. Kwa hiyo kwetu swali lenye uzito ni hili: tunafanyia nini macho ambayo tayari yako juu na yanatuangalia bure? Tanzania ikitaka kutumia hela angani, mimi nasema itumie kwenye mitambo, halafu nyingine nyingi zaidi kwa watu wa chini: bwana shamba mwenye pikipiki na mafuta, ndoo ya mvua kila kata, na mtu wa kuugeuza utabiri uwe lugha ya "panda uwele, mahindi acha."

Siku hizi kila mwezi wa kumi na moja nampigia mjomba kabla hajashika jembe. Naye huniuliza maswali kuliko wewe msomaji: utabiri wa wapi, lini, unajuaje? Kuna mwaka umepatia, kuna mwaka umekosea, na ukikosea hanisemeshi wiki nzima. Lakini anaamua akiwa na habari mkononi.

Haya wadau, uwanja wenu. Wale mnaosema twende Mwezini leteni hoja, na wewe jamaa wa Bahi kama unasoma hapa jitokeze tuendelee. Ila kabla hujafunga kompyuta, kama una mzee anayelima, soma utabiri wa msimu halafu mpigie. Dakika tano zinatosha.