Gari-mama: kabla ya kukata chuma, jua unakata nini



Siku hizi telefone zetu zimejaa video za watu wenye kujenga magari ya mbio ya zamani kwa mikono yao: Porsche ya miaka ya 1950, Lotus, hata Ferrari. Gari linatoka karakana likiwa linang'aa, na kijana wa huku anauliza: "Na siye hatuwezi?" Kuna kundi moja la vijana hapa kwetu ambalo limeanza kuchanga makuta ili kununua gari bovu na kuanza. Wawili kati yao wanataka hata kuuzisha pikipiki zao, zile zinawalisha. Njo maana ninaandika. Mambo ya umbo na rangi yatakuja nyuma. Swali la kwanza ni hili: mtavunja gari gani ili lizae lile lingine?

Mimi ni mtu wa kilimo, basi nitalieleza kwa lugha ya shamba. Ukitaka machungwa mazuri, unakata kijiti cha mchungwa mzuri na kukifunga juu ya shina la ndimu. Tunaita kubebesha. Tunda linatoka kwa kijiti, lakini mizizi, maji na nguvu vinatoka kwa shina. Shina likiwa na ugonjwa, kijiti kinakufa nalo. Tena huwezi kubebesha mwembe juu ya ndimu, hata ufunge kamba namna gani, ju ya hawako wa jamaa moja. Gari la kunakili ni vile vile. Ngozi ya juu, mara nyingi ya faiba, ni kijiti. Motere, bwate ya vitesi, breki, usukani na waya vinatoka kwa gari-mama.

Sasa tuone maswali matano.

1. MOTERE IKO WAPI, NA MAGURUDUMU GANI YANASUKUMA?

Hapa wengi wanaanguka. Lotus Seven, gari dogo ambalo Colin Chapman alilitoa Uingereza mwaka 1957, iko na motere mbele na inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Mwaka 1996 Ron Champion aliandika kitabu cha kuonyesha namna ya kujenga gari la mtindo huo kwa makuta kidogo, na gari-mama lake lilikuwa Ford Escort ya zamani. Lakini angalia: kuanzia 1980 Escort mpya ilianza kusukuma kwa magurudumu ya mbele. Jina moja, gari lingine kabisa.

Kwetu mtego huo unaitwa Corolla. Corolla za mwisho wa miaka ya 1970 zilisukuma kwa nyuma. Kuanzia 1983 nyingi zikageuka kuwa za mbele, isipokuwa chache kama ile AE86 wapenda mbio wanaiabudu. Corolla karibu zote tunazoona leo, pamoja na Ist, ni za mbele. Ukinunua hiyo ili ujenge Lotus, umebebesha mwembe juu ya ndimu.

Lakini Corolla haikosi kazi. Mafundi wengine wanatoa motere na bwate yake pamoja, kama mzigo mmoja, wanavihamisha nyuma ya viti. Kile kilichosukuma mbele sasa kinasukuma nyuma. Toyota yenyewe ilitumia akili hiyo kwa MR2 ya 1984, na MR2 za baadaye zimekuwa gari-mama la nakili nyingi za Ferrari.

2. MAREFU YANALINGANA?

Pima toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya lile la nyuma. Volkswagen ya mgongo wa kobe iko na sentimita 240. Porsche 356 iko na 210. Hawa wawili ni ndugu kweli: Ferdinand Porsche ndiye alichora Volkswagen, na 356 ya kwanza ya mwaka 1948 ilijengwa na piesi za Volkswagen. Motere yote miwili iko nyuma, inapozwa na hewa. Tena mwili wa Volkswagen umefungwa kwa bulo juu ya sakafu yake. Ukifungua, sakafu inabaki na motere na magurudumu, inaweza karibu kutembea peke yake. Lakini zile sentimita 30 lazima zikatwe na kuungwa tena, na pale pa kuunga ndipo uhai wa watu wawili utakaa. Ile kazi si ya fundi wa kuunga madirisha na milango.

3. SHINA LIKO NA UGONJWA?

Motere mbovu inaweza kutengenezwa. Kutu ya shasi ni habari nyingine. Lala chini ya gari na bisibisi, gongagonga. Kwa ile Volkswagen, inua kiti cha nyuma: betri inakaa pale, na asidi yake inakula sakafu. Nunua gari lenye kutembea bado, liendeshe, usikilize bwate, ushike breki, halafu ndipo uvunje. Wengi wanasema: "Tutanunua piesi moja moja." Hapana. Piesi ndogo njo zinakula makuta: pedali, waya, swichi, bulo za kipekee. Gari zima linakuja nazo zote.

4. PIESI ZITATOKA WAPI KESHO?

Mazda MX-5 ya 1989 inapendwa sana Ulaya kwa kazi hii: nyepesi, motere mbele, inasukuma kwa nyuma. Lakini ikivunjika hapa Ankoro, utapata wapi piesi? Zetu zinatoka Lubumbashi au Kalemie, na nyingi ni za Toyota. Gari-mama bora ni lile ambalo fundi wa karibu amekwisha kulifungua mara kumi.

Angalia usukani pia. Congo tunatembea kuume, lakini magari mengi yanaingia kwetu kupitia Tanzania na Zambia, usukani kuume. Kuuhamisha kunagusa pedali na breki.

5. KARATASI ZINASEMA NINI?

Namba ya shasi na ya motere zilingane na karte rose. Gari la wizi likivunjwa linabaki gari la wizi, hata livae ngozi ya Porsche. Na usiuze nakili kwa jina la Ferrari: jina lile liko na mwenyewe.

HESABU YA MWISHO

Chukua karatasi, piga safu tatu: vitu vitakavyotumika, vitu vya kuuza, vitu vya kutupa. Safu ya kwanza ikiwa fupi, acha gari hilo. Ukumbuke tena mama anaweza kuwa wa bei kuliko mtoto. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Ndugu zake wengi walivunjwa ili kunakili Ferrari 250 GTO, gari ambalo yalijengwa 36 tu. Leo Datsun ile yenyewe inatafutwa sana, na waliokata hawawezi kurudisha.

Na kwetu? Nasema wazi: gari lenye tumbo chini halitafika mbali kwenye njia ya Manono wakati wa mvua. Kama lazima mjenge, tazameni Meyers Manx ya miaka ya 1960: ngozi ya faiba juu ya sakafu ya Volkswagen iliyofupishwa, magurudumu makubwa, gari la mchanga. Mwaka 1967 ilishinda mbio za jangwani za Baja, Mexico. Hiyo inafanana na barabara zetu.

Kwa wale wawili wa pikipiki: msiuzishe kwanza. Maswali haya matano, jaribuni kwanza kwa motere ya kinu cha muhogo au ya mtumbwi. Motere kukuu ya gari inasaga unga vizuri, ikiwa shina ni zima, piesi zinapatikana na karatasi ni safi. Mkifaulu pale, kinu kitalipa faiba, na pikipiki zitaendelea kuwalisha.