Redio Inapovuma, Tuanze na Umeme Wake



Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wakazi wa Mkuyuni na vijiji vingine vya mashariki ya Milima ya Uluguru wanahitaji kusikia mapema tahadhari za mvua kubwa zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Redio inayovuma huwanyima taarifa hiyo. Kabla ya kuomba redio mpya, tunashauri yafuatayo:

1. Chomoa adapta, uwashe redio kwa betri kavu. Kelele ikiisha, kasoro iko kwenye adapta. Ikibaki, nenda hatua ya 3.

2. Adapta nzito yenye transfoma ikitoa mvumo mzito, mara nyingi kapasita imechoka. Umeme wa gridi una mizunguko 50 kwa sekunde. Ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu hubaki na mitikisiko 100, na kapasita ndiyo huituliza. Kazi hii aachiwe fundi, kwani kapasita huweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

3. Zima kimoja kimoja chaja za simu, taa za LED, inveta na kidhibiti chaji cha sola. Vifaa hivi huwasha na kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele yake husumbua hasa AM na masafa mafupi. Ukikipata chanzo, sogeza redio na antena mbali nacho.

Kapasita ni nafuu kuliko redio. Tunaziomba kamati zifanye majaribio haya kwanza, ili michango ielekezwe panapohitajika zaidi.