Revolveri ndogo: mama wa Houston anauliza

Mama moja wa kwetu, anayefanya kazi ya usiku kule Houston, alitupigia simu: anunue revolveri gani ya kuweka ndani ya sakoshi? Tulimuuliza kwanza kama iko na watoto. Iko nao watatu.

Ile batu mingi kule wanataja ni Smith & Wesson ya masasi tano, namna iliyotoka 1950. Leo kuna nyepesi sana, hazifikii nusu kilo, na zingine nyundo imefichwa ndani ili isikwame kwenye nguo. Muuzaji atasifia wepesi. Mtego ndio huo: silaha nyepesi inapiga mukono kwa nguvu, na aliyeumia harudi tena kujizoeza. Afadhali ile ya chuma, nzito kidogo. Kifyatulio nacho ni kigumu. Akivute mwenyewe mbele ya kulipa.

Sakoshi, hapana. Inaibiwa, tena mtoto anaifungua akitafuta bonboni. Ikae kiunoni, ndani ya mfuko unaofunika kifyatulio, na usiku ndani ya kasha lenye kufuli. Tangu 2021 Texas haidai tena kibali kwa mtu wa miaka 21 asiye na kikatazo cha sheria, kwa hiyo hakuna wa kumulazimisha ajifunze.

Mama akanyamaza, kisha akauliza bei ya kasha.