Maji Yaliyotuama Chunguni

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa tafadhali aweke mezani sponji moja ya kuoshea vyombo na bakuli la maji. Tutavihitaji baada ya kitambo kidogo.

Leo tutasema habari za miti midogo ikaayo katika vyungu. Wajapani wana ufundi wa zamani wa kukuza mti kwa miaka mingi katika chungu kifupi mfano wa sinia. Huupogoa matawi na kuupunguza mizizi, usipate kuwa mkubwa. Wenyewe huuita bonsai. Hapa Segerea twaweza kuufanya ufundi huo kwa mkuyu, kwa mbuyu, au kwa waridi la jangwani, lile ua lenye shina nene lililovimba. Ni kazi ya subira, na mti uliotunzwa miaka kumi huweza kuuzwa kwa fedha nzuri. Basi ni hasara kubwa mti huo ukifa katika majuma machache ya masika. Tena mara nyingi hauuawi na kiu. Huuawa na maji.

Kwa nini? Kwa sababu mizizi hupumua. Kati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo zenye hewa, na mizizi huitumia hewa hiyo. Nafasi zote zikijaa maji, mizizi hukosa pumzi, hudhoofika, halafu vijidudu vya kuozesha huingia. Fuateni Mto Msimbazi mpaka unapoingia baharini, karibu na Daraja la Selander. Mtaiona mikoko katika matope. Aina moja, iitwayo mchu, hutoa vijiti vingi vilivyosimama wima juu ya tope. Vile ni mizizi iliyopanda juu kutafuta hewa. Mchu umejaliwa njia hiyo. Mbuyu wako wa chunguni haukujaliwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji. Kwa hiyo majani hunyauka na kugeuka manjano, sawasawa na mti wenye kiu! Mwenye mti akiona hivyo huongeza maji, na mti hufa upesi zaidi. Kabla ya kumwagilia, choma kijiti kikavu katika udongo, kifike karibu na chini, ukiache muda wa dakika kumi. Kikitoka kimelowa, weka kopo lako chini.

Mwalimu, twaa sponji. Itie majini mpaka ishibe. Ilaze juu ya vidole vyako, bapa, wala usiikamue. Ngojeni mpaka imeacha kudondosha. Haya, isimamishe kwa upande wake mwembamba. Mwaona? Maji yameanza tena kudondoka.

Maji hushuka kwa uzito wake, lakini matundu madogo huyashika, kama utambi wa taa unavyoshika mafuta. Kwa hiyo chini kabisa hubaki tabaka lisiloachilia maji. Unene wa tabaka hilo haubadiliki sana, sponji ikilala au ikisimama. Lakini ikilala, tabaka hilo huchukua sehemu kubwa ya sponji yote. Ndivyo ilivyo kwa vyungu. Katika debe refu, maji hukaa chini na mizizi ya juu hupumua. Katika chungu chenye kina cha vidole vinne, karibu mizizi yote imo majini, hata kama tundu la chini li wazi kabisa.

Watu wengi hutandika kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Nia ni njema, lakini haisaidii. Maji hayatoki katika udongo laini kuingia katika kokoto mpaka udongo ule umeshiba. Basi kokoto huliinua tabaka la maji likakaribia shina. Kipande cha wavu juu ya tundu chatosha kuzuia udongo usitoke.

Dawa yenyewe ni udongo wa chembe kubwa. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni haufai peke yake. Ponda tofali la kuchoma au kigae, chembe ziwe kama punje za mtama au za mahindi, upepete vumbi lote ulitupe, kwa kuwa vumbi ndilo lizibalo nafasi za hewa. Changanya na mchanga mnene wa mto na mboji kidogo. Mchanga wa pwani una chumvi, uacheni pwani. Mkuyu hupenda kingo za mito, nao huvumilia unyevu zaidi. Mbuyu na waridi la jangwani ni miti ya nchi kavu, iongezewe kigae.

Katika mwaka wa kawaida, Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 250 hivi kwa mwezi wa Aprili peke yake. Wakati huo sogeza vyungu chini ya baraza. Kama baraza hakuna, weka kipande cha ubao chini ya upande mmoja wa chungu, kiiname. Mmekwisha kuona sponji ilivyofanya iliposimama. Visahani vya chini viondolewe kabisa. Mbu waenezao homa ya dengi, iliyotusumbua jijini mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji kama hayo.

Ikiwa mti umekwisha kuugua, utoe chunguni na kuinusa mizizi. Mizizi mizima ni migumu. Iliyooza ni myeusi, laini, na ganda lake huvuka ukiivuta. Kata iliyooza kwa kisu kikali na safi, upande katika udongo mpya, uweke kivulini, wala usitie mbolea mpaka majani mapya yatoke. Waridi la jangwani usilipande siku hiyo hiyo: liache mahali pakavu siku kadhaa, kidonda kikauke kwanza.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja achome kijiti katika chungu kimoja cha nyumbani kwake, aandike katika daftari siku ya kumwagilia na siku kijiti kilipotoka kikavu. Mwalimu atayasoma madaftari hayo darasani.